Heshima ya Wenye Alama

Mwaka 1921, wakuu wa shule za sekondari Marekani walianzisha National Honor Society, chama cha wanafunzi bora, wakakipa nguzo nne: elimu, utumishi, uongozi na tabia njema. Ya kwanza hupimwa kwa alama. Tatu zilizobaki, msikilizaji, huamuliwa na baraza la walimu watano, na walimu nao, tuseme kweli, wana vipenzi vyao. Kwa hiyo anayekumbuka cheti chake cha chama hiki ukubwani asikifanye ushahidi wa tabia. Utumishi ndio wa kukumbukwa. Wapo watakaosema vijana hujitolea ili kupamba maombi ya chuo kikuu tu. Huenda. Lakini mtoto aliyeelekezwa hesabu na mmoja wao ameelewa hesabu, nia iwe yoyote.