Mzigo wa Vita na Hatia ya Aliyelazimishwa

Vita Kuu ya Kwanza ililifikia bonde la Kilombero kwa uzito wake wote mwaka 1916. Waingereza waliteka Morogoro mwishoni mwa Agosti na Dar es Salaam siku chache baadaye. Wabelgiji kutoka Kongo wakaingia Tabora Septemba 19. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, wakarudi kusini, na Mahenge ikawa ngome yao. Tangu hapo hadi Oktoba 9, 1917, Wabelgiji walipoiteka Mahenge, watu wa bonde, kuanzia Masagati chini ya milima ya Njombe hadi Ifakara, walijikuta katikati ya majeshi matatu yaliyotaka vitu vilevile: mpunga, mitumbwi na mabega ya watu.

Mabega yalihitajika kwa sababu mbung'o waliua punda na ng'ombe wa mizigo. Tatizo ni kwamba mpagazi naye hula. Aliyebeba kilo 25 za chakula, akila kilo moja kwa siku, humaliza sehemu kubwa ya mzigo wake kabla ya kuufikisha, ikiwa safari ni ndefu. Kwa hiyo jeshi huhitaji mpagazi wa kumbebea mpagazi, na kijiji hutoa watu na chakula mara mbili. Walioondolewa wakati wa masika hawakupanda, na shamba la mpunga lililokosa mkono msimu huo halisubiri vita viishe. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 95,000 walihesabiwa kuwa wamekufa, wengi zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi.

Hapo ndipo linapozuka swali la dini na falsafa: mtu aliyebeba risasi za jeshi asilolichagua ana sehemu gani katika damu iliyomwagwa nazo?

Aristotle alikwisha kutofautisha matendo ya namna hii. Nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba hutenda kwa hiari na bila hiari kwa pamoja: mkono ni wake, lakini hakuna mwenye akili timamu ambaye angefanya hivyo bahari ikiwa shwari. Mpagazi yuko hapo. Miguu ilikuwa yake, ila kiboko na kamba vilikuwa vya mwingine.

Uislamu uliliweka jambo hili katika sheria mapema. Aya ya 106 ya Sura An-Nahl inamtoa hatiani aliyelazimishwa kutamka ukafiri huku moyo wake ukiwa umetulia katika imani, na wafasiri huihusisha na mateso ya Ammar bin Yasir. Lakini mafakihi walichora mpaka: kulazimishwa hakumruhusu mtu kumuua asiye na kosa ili ajiokoe, kwani uhai wake hauna thamani zaidi kuliko wa mwenzake. Kubeba mzigo kuko ndani ya mpaka huo, kuua kuko nje.

Katika Injili ya Mathayo, askari wa Kirumi alikuwa na desturi ya kumlazimisha raia ambebee mzigo maili moja, na Yesu anamwambia anayelazimishwa aende ya pili. Simoni wa Kirene, mtu kutoka Afrika ya Kaskazini, alishurutishwa vivyo hivyo kuubeba msalaba. Mafundisho hayo yamewahi kutumiwa kuhubiri utii kwa wakubwa, na hilo ni kosa. Maneno yale yanamhusu aliyebeba: yanamrudishia uamuzi alionyang'anywa. Hayampi askari haki hata ya ile maili ya kwanza.

Mgumu zaidi kumhukumu ni jumbe, mkuu wa kijiji. Alipoagizwa kutoa watu, hakubeba chochote; alichagua nani abebe. Angekataa, angechapwa au kuondolewa, na mwingine angewekwa. Hata hivyo uchaguzi ulibaki wake: angeweza kumtoa yatima na mgeni, au kumtoa mwanawe pia. Shuruti inamsamehe kwa kutoa watu. Haimsamehe kwa kuwatoa wasio na mtetezi.

Majeshi nayo yalijitetea kwa dharura. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mwenye njaa ya kufa akichukua chakula cha mwenye ziada hajaiba. Hoja hiyo haiwafai makamanda. Wenye njaa walikuwa wenye mpunga, na watu wa Ugogo waliingia katika njaa ya Mtunya baada ya nafaka na mifugo kuchukuliwa.

Inabaki hoja ya vita vya haki, iliyorudi miaka 25 baadaye katika Vita Kuu ya Pili. Japani ilipoikalia Java kuanzia 1942, wakulima walichukuliwa kwa nguvu wakaitwa romusha, na makumi ya maelfu ya vibarua wa Asia walikufa kwenye reli ya Burma na Siam. Mwaka 1944 vijana wa Tanganyika walipigana na Wajapani hao huko Burma. Wakati huohuo, kwa kuwa katani ya Manila ya Ufilipino na ile ya Java ilikuwa mikononi mwa Japani, serikali ya Tanganyika iliwalazimisha watu wake kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mkataba wa kimataifa wa 1930 dhidi ya kazi ya lazima ulikuwa umeiacha vita nje ya katazo. Ukatili wa pande hizi mbili haukulingana, lakini lengo jema halikugeuza shuruti kuwa ridhaa. Anayepigana kwa haki akimkamata mtu ambebee mzigo hubaki na deni la ujira, chakula na jina.

Deni hilo halikulipwa. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi kwa jumla tu, na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuwahi kuandikwa majina.