Siku ya Pili Baada ya Mji Kutekwa

Julai 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Charles Crewe yaliingia Mwanza. Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini, na boma likapandishwa bendera nyingine. Kisiwa cha Ukerewe kilikuwa kimekwisha kutwaliwa mwezi uliotangulia. Septemba 19 mwaka huohuo Wabelgiji, pamoja na askari wao kutoka Kongo, wakaingia Tabora. Haya yote yamo katika vitabu vya vita, pamoja na majina ya makamanda na njia walizopita. Nisilolikuta humo ni jambo dogo: kesho yake asubuhi, mwanamke wa huku Kisesa, jirani na Mwanza, mwenye watoto wa kulisha na mtama wa kusaga alifanya nini? Alikwenda gulioni? Alipokea fedha gani mkononi? Tabora ilipokaribia kuanguka, Wajerumani walikuwa wakigonga sarafu katika karakana ya reli, nyingine kwa shaba ya maganda ya risasi, na Dar es Salaam walikuwa wamechapa noti za dharura kwa haraka ya vita. Mtu aliyeuza mbuzi wake kwa fedha hizo wiki moja kabla bendera haijabadilika, alilala vipi usiku ule?

Miji ya Ulaya iliyokaliwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ina majibu ya maswali ya namna hii, kwa sababu wapo waliokaa chini wakaandika. Amsterdam ilitekwa Mei 1940 na haikuwa huru hadi Mei 1945. Tunajua habari za foleni zake na kadi zake za mgawo wa chakula. Tunajua pia kwamba katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 watu wa miji ya magharibi ya Uholanzi walikula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu. Na tunaye Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyejificha na wenzake saba nyuma ya ofisi ya baba yake tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 4, 1944. Alifia katika kambi ya Bergen-Belsen, na shajara yake ikachapishwa 1947. Ndani yake vita vipo, ndiyo, lakini kurasa nyingi ni za kumenya viazi, kugombea meza ya kuandikia, choo kisichoruhusiwa kuvutwa maji mchana wafanyakazi wakiwa ofisini, na chuki ndogondogo za watu wanane waliobanana mahali pamoja.

Paris nayo ina wa kwake. Jean Guéhenno, mwalimu na mwandishi, alikataa kuchapisha chochote kwa idhini ya Wajerumani kwa muda wote walipokuwepo, akabaki kuandika shajara yake. Irène Némirovsky aliandika riwaya ya kuanguka kwa Ufaransa wakati Ufaransa yenyewe bado imekaliwa: watu wakiukimbia mji na vyombo vyao, kisha kijiji ambako askari wa Kijerumani wamelazwa katika nyumba za wenyeji, wakila meza moja nao. Alikufa Auschwitz mwaka 1942. Binti zake walilibeba daftari lake kutoka maficho hadi maficho, na kitabu hakikutoka hadi 2004.

Kinachonivuta katika maandishi haya si huzuni yake. Yanaligusa swali la zamani la falsafa ya siasa, nalo ni hili: mtu anayeendelea kuishi chini ya mtawala asiyemchagua, je, amemkubali? John Locke, mwaka 1689, alisema kwamba anayenufaika na chochote katika milki ya serikali, hata kama ni kupita tu katika barabara yake, ameridhia utawala wake bila kutamka. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba Locke huyohuyo alimnyima mtekaji dhalimu haki yoyote juu ya waliotekwa. Lakini ile hoja ya barabara ilibaki, na wengi wameitumia bila kizuizi chake. David Hume aliijibu mwaka 1748 kwa mfano ambao mtu wa ziwani huuelewa upesi: abiria aliyebebwa akiwa usingizini akaingizwa melini, akaamka amezungukwa na maji, hatuwezi kusema ameukubali uongozi wa nahodha eti kwa sababu hajajirusha baharini.

Jibu la Hume ni zuri, ila linaishia mapema. Linatuonyesha kwamba abiria hana pa kwenda, kisha linamwacha hapo, kana kwamba tangu aamke hadi meli itie nanga hafanyi lolote. Kumbe anafanya mengi. Anakula, anazungumza na mwenzake, anamlea mtoto aliyeamka naye, anajifunza sauti za nahodha, anajua ni saa ngapi aonekane na saa ngapi asionekane. Huko ndiko kuendelea kuishi, na vitabu vya siku za kawaida katika mji uliotekwa vinaonyesha jinsi kuendelea huko kulivyo kazi. Chumvi iliyonunuliwa bila kufikiri mwaka jana, mwaka huu inataka uamuzi: kwa nani, kwa fedha ipi, kwa njia ipi, na atanionaje atakayeniona. Mazoea ya mtu aliyetekwa si usingizi. Yamejaa hesabu ambazo anayetazama kutoka barazani kwa mtawala hawezi kuziona, maana zikienda sawa hazipigi kelele.

Nasema hivi nikiikumbuka historia yetu wenyewe ya Usukuma. Baada ya vita, kuanzia 1947, serikali ya Kiingereza ilileta mpango mkubwa wa kuiendeleza nchi ya Wasukuma. Watu walilazimishwa kulima matuta ya kufunga, kutia samadi mashambani na kupunguza mifugo, na asiyetii alipigwa faini. Afisa aliyesimama kando ya barabara wakati ule angeona matuta yamepigwa, kodi imelipwa, pamba inakwenda kuchambuliwa. Angehitimisha kwamba watu wameridhika, na hata kama wamenung'unika, wamezoea. Chama cha TANU kilipigwa marufuku huku kwetu mwaka 1954, na mashamba yakaendelea kulimwa. Kisha ukaja 1958. Watu wa Geita waliukataa mfumo mpya wa mabaraza waliowekewa, wakaandamana hadi Mwanza, na hasira ikaonekana kuwa na mizizi iliyopita katika kila tuta na kila ng'ombe aliyetolewa zizini kwa nguvu. Hasira hiyo haikuzaliwa mwaka ule. Ilikuwepo siku zote ambazo afisa alikuwa akihesabu matuta. Kama pangekuwepo kitabu kimoja tu cha miaka ile, kilichoandikwa na mke wa mkulima au na mwanafunzi wa darasa la saba, kikieleza mazungumzo ya jioni baada ya bwana shamba kuondoka, hakuna ambaye angeshangaa.

Mwandishi tuliye naye ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, na habari yake ni ya ajabu kuliko wengi wanavyojua. Alizaliwa 1896, akasoma kwa mapadri, akazijua lugha za Ulaya. Mwaka 1945, wakati vita vya dunia vinakwisha na Ukerewe ni sehemu ya nchi inayotawaliwa kutoka London, alikamilisha riwaya kubwa kwa Kikerewe. Inamhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, wawili wasiojaliwa mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anamfuata, anatozwa pombe ya ndizi ili amrudishe, wanahangaika kwa waganga, hatimaye wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Humo mna namna ya kupokea mgeni, kugema, kuvua, kulima, kuagua, kumlilia maiti. Hakuna aliyekuwa tayari kuuchapa mswada huo. Kitereza aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee, na Tanzania Publishing House ikautoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye alifariki 1981.

Katika kitabu hicho hakuna mkuu wa wilaya. Hakuna kodi ya kibanda, hakuna bendera yoyote. Kitereza aliandika ukawaida wa kabla ya Wazungu, akiwa ameketi katikati ya ukawaida waliouumba Wazungu. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa ni kukimbia. Mimi nauona kuwa ni dai. Mtawala wa kigeni hupenda kusimulia kwamba kabla yake palikuwa na giza na njaa, na Kitereza alimjibu kwa kurasa mia kadhaa za adabu, ubishi, mapishi na mapenzi, bila kumtaja hata mara moja. Kutomtaja kwenyewe ni hukumu. Hata hivyo sitaficha kwamba kila ninapokifunga kitabu hicho hubaki na kiu. Aliyekuwa na jicho kali kiasi kile angeweza kutuambia pia Ukerewe ya 1916 ilikuwaje, yeye akiwa kijana wa miaka ishirini: mchele wa nani ulichukuliwa, nani alificha mitumbwi, nani aliwauzia askari wapya mayai na kuku.

Swali hilo la mayai si la kupita upesi. Ukweli mchungu wa vitabu vya mji uliotekwa ni kwamba havimwachi msomaji awapange watu safu mbili, mashujaa upande huu na wasaliti upande ule. Muuza maziwa anawauzia askari kwa sababu watoto wake nao wanakula. Karani anaendelea kwenda ofisini. Mwenye nyumba anamzoea afisa aliyelazwa chumba cha pili, na Némirovsky alithubutu kuandika kwamba mwanamke anaweza hata kumpenda, akiyaandika hayo wakati watu wa afisa huyo wanaelekea kumwua yeye mwenyewe. Kwetu sisi ugumu ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu vita vya 1914 hadi 1918 huku vilibebwa kwa vichwa na mabega. Majeshi ya pande zote yalitaka wapagazi, na Waingereza peke yao walikusanya mamia ya maelfu. Wapagazi hao hawakukusanywa na Mzungu aliyepita nyumba kwa nyumba. Ilikuwepo orodha, na orodha ilipita kwa mtemi, kwa mwanangwa wa kijiji, kwa mnyapara, mpaka ikamfikia mtu anayejua mlango upi una kijana mwenye nguvu. Wengi waliokwenda hawakurudi. Aliyetaja jina alibaki kijijini.

Hapa ndipo dai langu linapobanwa, na halina budi kubanwa. Nimesema kuendelea kuishi si kukubali. Lakini je, kila kuendelea? Naona tofauti iko mahali pamoja: nani anayelipa gharama ya wewe kuendelea. Mama aliyenunua chumvi kwa fedha ya mtekaji aliilipa kwa jasho lake mwenyewe. Aliyeandikisha kijana wa jirani ili wa kwake abaki aliendelea kwa kulipia maisha ya mwingine. Wa pili naye alikuwa ametekwa, alikuwa na hofu, pengine alitishiwa kiboko, na sidai kwamba ningekuwa jasiri kuliko yeye. Ila hawezi kujificha nyuma ya chumvi ya yule mama. Takwimu haziwezi kututenganishia watu hawa wawili, na hati za boma haziwezi. Kinachoweza ni masimulizi ya siku moja baada ya nyingine, yenye majina ya vyakula na milango.

Kisesa tuna bahati ya kuwa na kumbukumbu za aina nyingine. Makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada, yanahifadhi ngoma, viti vya watemi, vifaa vya wafua chuma na vyombo vya jikoni. Tangu 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikifuatilia kata yetu kaya kwa kaya, kuandika aliyezaliwa, aliyehama, aliyekufa, ili kuelewa UKIMWI. Navithamini vyote viwili. Lakini chungu cha Bujora hakisemi kilipikiwa nini siku ile askari walipopita, na daftari la kaya linajua kwamba kijana aliondoka nyumbani bila kujua nyumba ilinyamaza vipi alipoondoka.

Wa 1916 wamekwisha. Waliokuwa watoto wakati wa matuta ya lazima bado wapo, wachache, katika miji ya huku na kando ya barabara ya Musoma, na wanakumbuka vizuri kuliko tunavyowapa nafasi ya kueleza. Kwa kawaida tukiwafikia huwauliza habari za TANU na Uhuru, nao hutupa majibu waliyoyasikia redioni. Afadhali tuwaulize nani alipima tuta kwa kamba. Tuwaulize ng'ombe wa kupunguzwa alichaguliwaje, na kama familia ilimficha yupi. Tuwaulize michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mwaka ule ilitosha hadi mwezi gani. Na wakishakunywa maji na kutuzoea, tuwaulize lile ambalo baba zao waliwasimulia kwa sauti ya chini kuhusu orodha ya wapagazi: ilikuwaje yule aliyetaja jina la mtoto wa jirani akaendelea kualikwa harusini na jirani huyohuyo, miaka yote iliyofuata.