Mchezo Usio na Mwamuzi

Uko mchezo mmoja ambao wengi wa wasomaji wetu hawajapata kuuona. Huchezwa na timu mbili za watu saba saba, katika uwanja wa urefu wa meta 100 na upana wa meta 37, nao hauna mpira. Mahali pa mpira hutumika kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175, ambacho Wamarekani wamezoea kukiita kwa jina lake la biashara, Frisbee. Aliyekishika haruhusiwi kukimbia nacho. Sharti amrushie mwenzake kabla ya sekunde kumi kwisha, mpaka mmoja wao akidake ndani ya eneo la bao. Kikianguka, huwa chao wapinzani. Vijana wa shule ya Columbia High School, mjini Maplewood katika jimbo la New Jersey, ndio waliouanzisha mwaka 1968, na jina lake ni altimeti. Leo una shirikisho la dunia, lililoundwa mwaka 1985 na kutambuliwa na Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka 2015. Na kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda unao wachezaji wake.

Hayo peke yake yasingetufanya tushike kalamu. Jambo lililotushangaza ni kwamba mchezo huu hauna mwamuzi. Timu za mataifa zilipokutana kushindania ubingwa wa dunia huko Gold Coast, Australia, mwaka 2024, hapakuwa na mtu wa kupuliza kipyenga na kutoa hukumu. Aliyechezewa vibaya husema mwenyewe. Aliyemchezea hukubali au hukataa. Wakipatana, mchezo huendelea. Katika michezo mikubwa huweza kuwekwa washauri, nao huulizwa wameona nini, lakini hukumu si yao. Mwisho wa mchezo kila timu huwapa wapinzani wake alama za uungwana katika mambo matano, kuanzia sufuri hata nne kwa kila jambo, na mwisho wa mashindano timu iliyopata alama nyingi za namna hiyo hupewa tuzo yake.

Tuseme basi siku moja kijana wa Bariadi amevikwa jezi ya Taifa na kupelekwa katika mashindano hayo. Nauli imechangwa: baba ameuza ng'ombe, shangazi ametoa fedha za pamba, na majirani kila mmoja alichojaliwa, maana huko Usukumani safari ya mtoto mmoja ni shughuli ya ukoo mzima. Mchezo umefika mabao 14 kwa 14, na bao la 15 ndilo la ushindi. Mpinzani aruka kukidaka kisahani ndani ya eneo la bao. Kijana wetu aruka naye, na mkono wake wagonga mkono wa mwenzake punde kisahani hakijafika. Kisahani chaanguka. Mpinzani hana hakika kama ameguswa au ni upepo tu. Amgeukia kijana wetu na kumwuliza: "Umenigusa?" Wenzake wanamtazama, na rangi za Taifa ziko kifuani pake. Ajibu nini?

Wengi wetu, tukiulizwa mbele ya watu, tutasema aseme kweli. Tukiulizwa faraghani, nusu yetu tutasema ajibu "sijui." Wala hoja ya hao wa faraghani si ya kipuuzi. Wao husema hivi: mtu aweza kutoa kilicho chake, lakini hana ruhusa ya kutoa cha wenzake. Bao lile si la kijana peke yake. Ni la wachezaji waliotoka jasho pamoja naye, ni la baba aliyeuza ng'ombe, ni la nchi iliyomtuma. Akitaka kuwa mtakatifu, na awe kwa gharama yake mwenyewe.

Sisi twaona kwamba hoja hii ingekuwa na nguvu kama bao lenyewe lingekuwa la nchi. Lakini ndilo swali linaloulizwa, na hoja yaliruka. Kisahani kilichoangushwa kwa kumgonga mtu mkono hakijawa chetu bado. Kijana anayekiri hatoi mali ya baba yake; anakataa kumpokelea baba yake mali ya mwingine. Tena baba hakuulizwa. Twapenda sana kusema "Taifa lataka ushindi," kana kwamba Taifa ni mzee mmoja aketiye mahali fulani, naye ametutuma tuibe. Tanzania ina jambo la kukumbuka hapa. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari alimaliza mbio za marathoni za Olimpiki akiwa wa 57, yaani wa mwisho wa wote waliomaliza, goti lake limefungwa bendeji, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wako Watanzania waliorudi na medali, na tunawaheshimu. Walakini ni wachache kati yao ambao majina yao hutajwa mara nyingi kama la huyo wa mwisho.

Iko hoja ya pili, nayo ni ya hila zaidi: kwamba kusema kweli uwanjani si kazi ya mchezaji, bali ni kazi ya mwamuzi. Tarehe 18 Novemba 2009, karibu na Paris, Thierry Henry wa Ufaransa aliuzuia mpira kwa mkono, akampasia mwenzake, bao likaingia, na Ireland ikakosa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Baada ya mchezo Henry hakukana. Alikiri kwamba mkono uliugusa mpira, akaongeza kwamba yeye si mwamuzi. Twamshukuru kwa ukweli wake, maana kwa maneno machache alieleza vizuri namna watu wengi wanavyofikiri, si katika mpira tu. Kipyenga kisipolia, hakuna kosa. Dhamiri yangu nimeikabidhi kwa mtu mwingine mwenye fulana ya rangi nyingine, na yeye asipoona, mimi sijatenda.

Lazima hapa tutenganishe mambo, tusije tukamtwika mtu mzigo usio wake. Penye mwamuzi aliyekubaliwa na pande mbili, wachezaji wameahidiana kufuata hukumu yake hata akikosea, leo kwako, kesho kwangu. Mtu anayenyamaza hapo hajasema uongo. Twasikitika, lakini hatumwiti mwongo. Yule anayejiangusha mwenyewe ndani ya eneo la hatari, akashika mguu usioguswa na mtu na kulia kama mjane, huyo amesema uongo kwa mwili mzima. Na yuko wa tatu. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono, kwenye mstari wa goli, mpira ambao ungeipeleka Ghana katika nusu fainali. Alipewa kadi nyekundu, Ghana ikapewa penalti, ikakosa, na Afrika nzima ikalia. Sisi nasi tulilia. Ila kwa haki Suárez hakumdanganya mtu. Alivunja sheria mchana kweupe, akalipa bei iliyoandikwa.

Katika mchezo wa kisahani hata huko kulipa bei hakukubaliwi. Sheria zake huanza na neno la ajabu: kwamba mchezaji anaaminiwa kuwa hatavunja sheria kwa kusudi, na kwa hiyo hakuna adhabu kali, mchezo hurudishwa tu mahali ambapo ungekuwa kama kosa lisingetokea. Hakuna bei ya kulipa, maana kosa haliuzwi. Mtu anayepiga hesabu kwamba kuvunja sheria kuna faida kuliko kuishika ametoka nje ya mchezo kabla hajasogea hatua moja.

Msomaji mwenye akili atatupinga hapa. Warumi wa kale, waliotufundisha sheria, walisema kwamba mtu asiwe hakimu wa kesi yake mwenyewe, na walijua walisemalo. Mwenye kesi si lazima awe mwongo. Yatosha kwamba anatamani. Macho hufuata tamaa. Wachezaji wawili wakweli waweza kuapa, mmoja kwamba alimgonga mwenzake, mwingine kwamba alikigonga kisahani, na wote wawili wakawa wameona hivyo. Basi waanzilishi wa mchezo huu hawakusahau udhaifu huo. Wawili wakishindwa kupatana, kisahani hurudishwa kwa yule aliyekirusha, na mrusho hufanywa upya. Hakuna aliyeitwa mwongo, hakuna aliyeshinda kwa ubishi. Wanarudi mahali pa mwisho ambapo walikuwa hawajagombana. Tumezifikiria kesi nyingi za mashamba na urithi ambazo zimechukua miaka na kula ng'ombe wote wa zizi, na hatukuona mahakama ya ukoo yenye kanuni nzuri kuliko hiyo.

Wala tusifiche lililo kinyume chetu. Wamarekani walipoanzisha ligi ya kulipwa ya mchezo huo mwaka 2012, waliweka waamuzi. Fedha iliingia, na kipyenga kikaingia nyuma yake. Wenye kudhihaki watasema: mwaona? Uungwana ni wa maskini na wa wanafunzi; penye mshahara, watu huhitaji askari.

Lakini turudi Bariadi, kwenye fedha halisi. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, ni katika mikoa ya mbele kabisa kwa pamba, na habari ya pamba tangu mwanzo ni habari ya mizani. Wakulima wa Usukumani katika miaka ya 1950 walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka watu wao wa kusimama karibu na kuangalia mizani. Katika juhudi hizo, na Paul Bomani akiwa kiongozi wao, vikatoka vyama vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria. Walidai mwamuzi, na walikuwa na haki kabisa kumdai. Hatusemi mizani isikaguliwe. Heri ikaguliwe kila siku.

Hata hivyo mkaguzi huangalia mizani tu. Nani humwangalia mkulima usiku, nyumbani kwake Itilima au Meatu, anaponyunyizia maji katika robota ili liwe zito, au anapotia mchanga katikati, au anapofunika pamba fifi kwa pamba safi juu juu? Hakuna serikali duniani yenye wakaguzi wa kutosha kuweka mmoja katika kila nyumba. Na hasara haimrudii yeye peke yake: pamba ikichafuka, kiwanda hupunguza bei kwa wote, na mjane wa jirani aliyechambua pamba yake kwa mkono, punje kwa punje, hulipwa bei ya mchanga wa mtu mwingine. Mkulima huyo akikutwa, atajibu kama alivyojibu Mfaransa yule: mimi si mwenye mizani. Tena ataongeza kwamba mnunuzi naye ni mwizi, jambo ambalo miaka mingine limekuwa kweli. Penye fedha, basi, kipyenga hufika mlangoni na kuishia hapo. Ndani ya nyumba mchezo ni ule ule wa kisahani, wapende wasipende.

Wasemao kwamba watu wetu hawawezi kucheza bila mwamuzi, twawaomba wapite jioni katika viwanja vya Bariadi au Maswa, penye watoto wanaocheza chandimu. Mpira ni wa matambara, magoli ni mawe mawili mawili, na refa hayupo. Mpira ukipita juu, huanza ubishi mkubwa, kwa sababu mawe hayana mtambaa-panya. Wakishindwa kupatana, hurudia. Mmoja akiunawa mpira, wenzake hupiga kelele. Yeye hukataa kidogo, halafu hukubali, maana anajua kesho atataka kucheza nao tena. (Ni kweli pia kwamba mwenye mpira akizidiwa huuchukua akaenda nao kwao. Hatukusema ni malaika.)

Baadaye wale hodari huchaguliwa kuingia timu ya shule. Huvikwa jezi, hupelekwa UMITASHUMTA, wakikua UMISSETA, na huko hupewa refa. Tungependa walimu wa michezo watuandikie na kutueleza jambo moja: mtoto aliyezoea kusema "nimeunawa" huendelea kulisema neno hilo kwa wiki ngapi za mazoezi, na ni nani wa kwanza kumwambia anyamaze.