Ndugu Akiomba Figo: Je, Nikikataa Nimetenda Dhambi?



Ukisoma mitandaoni, habari ya kutoa kiungo cha mwili inaonekana ni mambo ya Ulaya na Marekani: mtu anajaza kadi, anaiweka kwenye pochi, siku akifa kwa ajali madaktari wanachukua figo, ini, moyo. Hata Joseph Ratzinger alikuwa na kadi hiyo tangu miaka ya 1970, kabla hajawa Papa Benedikto wa 16. (Mwaka 2011 Vatikani ikaeleza kwamba baada ya kuchaguliwa Papa kadi hiyo haikuwa na nguvu tena.)

Huku kwetu Mabamba swali haliji kwa kadi. Linakuja usiku, kwenye kikao cha ukoo. Dada yako figo zimeshindwa kazi, anasafishwa damu kwa mashine mjini, mbali na nyumbani, mahindi na mbuzi vimeshauzwa, na baba mkubwa anawatazama mmoja mmoja hadi anafika kwako. "Wewe mwanangu huna mke, huna mtoto, nguvu unazo. Tusaidie." Wote wananyamaza.

Kwa Tanzania swali lenyewe ndilo hilo hasa. Upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ulifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Zamani wagonjwa walipelekwa India. Na mtoaji ni ndugu aliye hai. Yaani anayekuomba ni mtu unayekula naye sahani moja.

Niondoe kwanza hofu moja ambayo wengi tunaona aibu kuitaja: "Nikizikwa bila figo, siku ya ufufuko itakuwaje?" Kila tarehe 3 Juni Wakristo wanafurika Namugongo, Uganda, wengine wametembea kwa miguu siku nyingi. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886. Miili yao iliteketezwa kwa moto. Kuna mtu anayedhani Karoli Lwanga, msimamizi wetu sisi vijana, atafufuka akiwa nusu? Aliyemuumba kutoka mavumbini hashindwi na figo moja. Hilo tuliache.

Sasa Kanisa linasemaje? Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Evangelium Vitae ya mwaka 1995, aliusifu utoaji wa viungo unaofuata maadili kama tendo la upendo wa kila siku. Katekisimu namba 2296 inakubali, ila inaweka mipaka. Hatari anayoingia mtoaji isizidi faida anayotafutiwa mgonjwa. Mtoaji awe ameridhia mwenyewe. Na hairuhusiwi kumuua mtu au kumfanya kilema ili mwingine aishi. Ndiyo maana mama hawezi kumpa mwanae moyo wake, hata akilia na kupiga magoti.

Kwa figo inawezekana, kwa sababu Mungu ametupa mbili na moja nzima inatosha kuishi. Lakini tusidanganyane, ni upasuaji mkubwa. Unapimwa kundi la damu, presha, sukari, na figo zenyewe kama zina afya. Ukishatoa, unatakiwa kupimwa mara kwa mara maisha yako yote. Dada zangu, mwanamke mwenye figo moja anaweza kubeba mimba na kujifungua, ila hatari ya presha ya mimba inaongezeka, kwa hiyo anahitaji kliniki ya uhakika. Naye aliyepokea atameza dawa kila siku ili mwili usiikatae figo ya mgeni.

Turudi kwenye kile kikao. Mimi naona hatari kubwa ya kimaadili huku kwetu iko kwenye neno "kuridhia". Kijana anayetazamwa na ukoo mzima, huku baba mkubwa ameshasema, anaridhiaje? Tumelelewa kutowajibu wakubwa. Atasema ndiyo kwa mdomo, na moyoni anachinjwa. Yesu alisema wazi juu ya uhai wake kwamba hakuna aliyemnyang'anya, aliutoa mwenyewe. Msalaba ungekuwa kitu kingine kabisa kama angeburutwa tu. Zawadi ambayo huwezi kuikataa ni kodi, na Kanisa halijawahi kuidai kodi ya figo.

Kwa hiyo, hapana: anayekataa baada ya kufikiri na kusali hajatenda dhambi. Hakuna amri inayosema toa figo.

Madaktari wa upandikizaji wanalijua jambo hili. Sehemu nyingi duniani wanazungumza na mtoaji akiwa peke yake, bila ndugu, na akisema hataki, familia inaambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji. Je, huo si uongo? Nimelifikiria sana. Kama daktari atasema "ana kisukari" na hana, huo ni uongo, hata uwe na nia njema. Lakini akisema "hafai", amesema kweli, kwa sababu asiye na hiari hafai, sawa na mwenye presha. Kiapo cha ndoa kinachotolewa kwa kulazimishwa ni batili mbele ya Kanisa, hata kama pilau limeshapikwa. Basi ukijikuta hapo, omba kuongea na daktari peke yako, na umwambie ukweli. Hata padre unaweza kumwambia kwanza.

Ila nisiwape kichaka cha kujifichia. Kuna hapana ya mtu aliyepima mambo, na kuna hapana ya anayesema "Mungu hapendi" wakati hajawahi hata kuuliza vipimo vikoje. Huyo anamsingizia Mungu. Aseme "naogopa". Hofu si dhambi, inaweza kuwekwa mbele ya Ekaristi Takatifu ilivyo. Na ukiona amani inabaki hata baada ya kuelezwa hatari zote, usijidharau kwamba ni utoto. Huenda ndiyo wito wako kwa dada yako.

Kuuza ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2025 jirani zetu Kenya walitikiswa na tuhuma za vijana kuuza figo kwa sababu ya shida. Yohane Paulo wa Pili aliwaambia madaktari wa upandikizaji huko Roma, Agosti 2000, kwamba kufanya mwili wa mtu biashara hakukubaliki. Atakayekutajia bei, mkimbie.

Wengi wetu hatutaombwa figo kamwe. Lakini kila msimu wa mvua malaria inawaishia watoto damu, na mama anazunguka na mtoto mgongoni akitafuta wa kumchangia. Ukiwa na miaka 18 na kilo 50, na afya njema, mwanaume anaweza kutoa damu kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. VIWAWA wa kila parokia wanaweza kuwaita watu wa Damu Salama wakaja kupima vijana baada ya Misa. Na hapo pia, aliyeogopa sindano aachwe akae kwenye benchi bila kuzomewa.