Nani Atajua Kwamba Ninyi ni Mume na Mke?



Katika sura ya 26 ya Kitabu cha Mwanzo kuna habari fupi ambayo mara nyingi tunaipita bila kusimama. Isaka alikuwa amehamia Gerari kwa sababu ya njaa. Kwa kuwa Rebeka alikuwa mzuri wa sura, Isaka aliogopa kwamba wenyeji wangemuua ili wamchukue, basi akawaambia kuwa ni dada yake. Uongo huo ulidumu siku nyingi. Halafu siku moja mfalme Abimeleki akachungulia dirishani, akamwona Isaka akicheza na Rebeka. Mfalme hakuhitaji shahidi wala cheti cha ndoa. Alimwita Isaka na kumkemea: huyu ni mke wako, kwa nini umetudanganya?

Tazameni jinsi mfalme alivyojua. Hakujua kwa kuwaona wakila pamoja, maana kaka na dada nao hula pamoja. Hakujua kwa kuwaona wakihesabu mifugo au wakigawana kazi. Alijua kwa mchezo wao. Wataalamu wa Maandiko hutueleza kwamba jina Isaka lina maana ya kucheka, na kwamba neno la Kiebrania lililotumika pale dirishani latoka katika shina moja na jina hilo. Tena msidhani hawa walikuwa maarusi wapya. Isaka alioa akiwa na miaka 40, na pacha wake Esau na Yakobo walizaliwa akiwa na miaka 60. Ukifuata mpangilio wa kitabu, habari ya dirisha inakuja baada ya pacha hao kuzaliwa.

Sasa nawauliza, ndugu zangu. Kama mtu angechungulia katika dirisha lenu leo jioni, angejuaje kwamba ninyi ni mume na mke? Labda angemwona baba akiangalia simu yake, mama yuko jikoni, watoto wako mbele ya televisheni. Angesikia, "Karo imelipwa?" Angesikia, "Gesi imeisha." Baada ya saa moja angekwenda zake akidhani ni watu wawili waliopanga nyumba moja na wanaelewana kiasi.

Tukifundisha wachumba kabla ya ndoa, huwa tunawaonya juu ya ulevi, uzinzi, pesa na ugomvi wa wakwe. Ni sawa, hayo huvunja nyumba. Lakini ziko nyumba ambazo hazina hata moja kati ya hayo, na bado zimepoa kama jiko lililosahauliwa. Mama mmoja aliwaambia wazee wa jumuiya waliokwenda kumtembelea: "Mzee wangu hajanikosea kitu. Lakini nikifa leo, atakachoona ni kwamba chai imechelewa." Wazee wale hawakuwa na la kumjibu.

Nasi Wakenya tuna tabia moja ya ajabu. Mtu akifa, tunachanga pesa, tunakodi hema na viti, tunachapisha picha zake za rangi, na tunasoma historia ya marehemu kwa saa nzima. Tunasema alikuwa mcheshi, alikuwa nguzo, alipenda watu. Mjane husimama na kusema mambo mazuri sana, na ni ya kweli. Marehemu hasikii. Miaka 30 alilala kando ya mtu huyo bila kuambiwa hata nusu yake.

Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo katika familia uliotoka mwaka 2016, alishughulikia jambo hili kwa namna ya mtu anayejua nyumba za watu. Katika ibara ya 226 anawashauri wanandoa wachanga wajitengenezee desturi zao wenyewe: kubusiana asubuhi, kubarikiana usiku, kumngojea mwenzako na kumpokea anaporudi, kusaidiana kazi za nyumbani. Kisha anaongeza kwamba ni vizuri pia kukatiza mazoea kwa sherehe. Hapo Papa hazungumzi juu ya keki ya shilingi elfu tano. Anazungumza juu ya mlango, busu na baraka, vitu ambavyo kila nyumba inavyo.

Niwape mfano wa wazee wawili wa kigango chetu. Kila mwaka, mahindi ya kwanza yakifaa kuchomwa, baba huyo aliingia shambani mwenyewe, akavunja muhindi mmoja, akawasha makaa, akauchoma kwa mkono wake. Huyu ni mzee wa kizazi ambacho mwanamume hakukaribia jiko. Watoto wote waliitwa watazame. Mama alipewa kiti. Alionja, akakunja uso, akasema, "Umeungua." Baba akajibu, "Basi urudishe." Mama hakurudisha hata siku moja. Alikula mpaka likabaki gunzi, na hakumgawia mtu. Watoto walianza kucheka hata kabla neno halijasemwa. Muhindi mmoja kwa mwaka! Hesabuni gharama yake.

Mama alipougua na kushindwa kutafuna, mwaka huo baba aliupukuchua ule muhindi, akazitwanga punje kwenye kinu kidogo, akamlisha kwa kijiko. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Umeungua." Siku ya mazishi yake mwana mkubwa alisoma historia kutoka kwenye karatasi, tarehe za kuzaliwa na za shule, watu wakisinzia juani. Halafu akaiweka karatasi mfukoni, akasimulia habari ya muhindi. Watu walicheka kando ya kaburi, padre naye akacheka. Na tofauti ya mazishi yale na mengine ni hii: jambo lile mama alikuwa amelisikia akiwa hai, kila mwaka, mbele ya watoto wake.

Katika Biblia yuko Hana, mama yake Samweli. Alimtoa mwanawe akamtumikie Bwana hekaluni Shilo chini ya kuhani Eli, nao wakawa mbali. Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2, kinasema kwamba kila mwaka alimshonea joho dogo, akampelekea alipopanda na mumewe kutoa sadaka. Ninyi akina mama mnaoshona mnajua ugumu wake. Mtoto huyo hayupo umpime. Inakupasa kukaa na kukisia: mwaka jana alinifikia kiunoni, sasa mkono umerefuka kiasi gani? Ili kushona joho lile ilimpasa Hana amfikirie mwanawe muda mrefu. Joho huchakaa, na mwakani huwa limembana. Kule kumfikiria ndiko kulikokuwa zawadi yenyewe, naye Elkana alifuatana naye kila mwaka katika safari hiyo.

Lakini mtakatifu wangu katika jambo hili ni Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Yeye na mkewe Zélie walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, na ndio mume na mke wa kwanza kutangazwa kwa pamoja namna hiyo. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai. Louis alikuwa fundi wa saa, Zélie alikuwa na kazi yake ya kufuma lesi katika mji wa Alençon, Ufaransa. Walizaa watoto tisa, wakawazika wanne wakiwa wadogo. Zélie mwenyewe alikufa kwa saratani mwaka 1877 akiwa na miaka 45. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hao walicheza kwa sababu hawakuwa na shida.

Louis aliwapa binti zake majina ya utani. Mmoja alikuwa almasi yake, mwingine lulu yake, na Teresa, kitinda mimba, alikuwa malkia wake mdogo. Walipohamia Lisieux baada ya mama kufa, kila siku alasiri alimchukua malkia wake wakatembea, wakaingia katika kanisa moja kuabudu Sakramenti Takatifu, kesho yake kanisa jingine, na njiani akamnunulia kitu kidogo cha senti chache. Kutembea, kusali na zawadi ya senti chache, basi.

Tena kulikuwa na desturi ya Krismasi. Viatu vya mtoto viliwekwa karibu na meko, na baada ya Misa ya usiku mtoto alivikuta vimejaa zawadi. Krismasi ya mwaka 1886 Teresa alikuwa karibu kutimiza miaka 14, na baba alikuwa na miaka 63, amechoka. Aliviona viatu, akanung'unika kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho. Teresa alikuwa anapanda ngazi, akasikia. Machozi yakamjia. Dada yake Céline akamsihi asishuke kwanza. Lakini Teresa aliyameza machozi, akashuka, akakaa mbele ya baba yake na kutoa zawadi moja moja kwa furaha kama malkia, hata baba akasahau uchovu wake akacheka. Baadaye Teresa aliandika kwamba usiku ule Mungu alimpa neema ya kuongoka.

Najua ubishi wenu, maana nimeusikia. Wanaume husema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikimsifu mke wangu ataota pembe." Ndugu yangu, Yesu alipobatizwa Yordani alikuwa bado hajahubiri wala hajafanya muujiza hata mmoja, na papo hapo Baba yake alitangaza mbele ya watu kwamba anampenda na anapendezwa naye. Kazi ilikuja baadaye. Wengine husema haya ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Wajaluo wana pakruok, muziki unasimamishwa kidogo ili mtu ajigambe na kumsifu rafiki au mpenzi wake kwa maneno ya kuchekesha. Wakikuyu humpa mwana wa kwanza jina la baba wa baba yake, na nyanya humwita mjukuu huyo mume wake, akamdai kuni na nyama. Wazee wetu walijua kucheza kabla meli ya kwanza haijafika.

Hapa lazima niseme jambo bila mzaha. Mama anayepigwa nyumbani haambiwi apokee mtu mlangoni kwa tabasamu. Huyo anahitaji kulindwa, na jumuiya, padre na serikali wana wajibu wao. Pia uko utani ambao ni kisu. Kumcheka mkeo mbele ya wageni kwa sababu amenenepa, au kumkumbusha mumeo alivyofutwa kazi, halafu ukasema "nilikuwa nacheza tu", huo si mchezo. Mchezo ni ule ambao wote wawili wanacheka.

Basi mtaanzaje? Msiitishe mkutano wa familia kutangaza desturi mpya, mtachekwa na watoto. Chagueni kitu kimoja, kidogo sana, kisha kirudieni. Baba mmoja anayefanya kazi Mombasa hutuma pesa nyumbani kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Badala ya 3,000 hutuma 3,001. Ile shilingi moja haina hesabu ya unga wala karo, ni ya mama peke yake. Mama humjibu, "Moja imefika." Mwezi mmoja ilikuja 3,000 kamili, mama akapiga simu usiku huo huo kuuliza kama ni mgonjwa. Kweli alikuwa na malaria.

Kwa siku za kuzaliwa watoto wetu wamezoea kumwagiana maji, nami sioni ubaya, mradi si ya kutoka mtungi wa kunywa. Lakini sisi Wakatoliki tuna siku zaidi. Iko sikukuu ya somo wako: Yosefu 19 Machi, Anna na Yoakimu 26 Julai, Monika 27 Agosti, Teresa 1 Oktoba. Jioni hiyo mwenye siku asioshe vyombo, akalie kiti cha baba, na kila mtu amtajie jambo moja alilomfurahisha. Na wale wazee wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo imeandikwa katika cheti. Washeni mshumaa siku hiyo. Kabla ya kulala, mzazi amchoree mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Kisha mume na mke wachoreane. Usiku wa kwanza mtaona haya. Mtacheka, na huko kucheka msikuzuie.

Kama mmenuniana tangu juzi, msianze na mshumaa. Anza kwa kumngojea mlangoni, umpokee mfuko alioushika. Akikuuliza kwa mashaka umeanza lini mambo haya, mwambie umesoma gazetini.