Moto wa Pombe na Haki ya Jirani

Huko Mahango, juu kwenye miteremko ya Rwenzori, na kule Bwera karibu na mpaka wa Kongo, mabishano kuhusu pombe huanza pale kikombe kinapofika mdomoni. Mwislamu anasema ni haramu. Msabato haigusi. Mkatoliki anauliza kiasi. Yote hayo yanamhusu mnywaji. Lipo swali jingine, nalo linamgusa hata asiyeonja tone: moto uliopika pombe hiyo ulitoka wapi, na ni nani anayeulipia?

Tonto, pombe ya ndizi, haina deni kubwa. Ndizi huivishwa shimoni kwa siku kadhaa, zikiwa zimefunikwa majani ya mgomba na kupashwa kwa moto mdogo. Kisha hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa. Sukari imo ndani ya ndizi tayari, hivyo hakuna cha kuchemsha.

Nafaka ni habari nyingine. Wanga wa wimbi au mtama lazima uive kwanza, kisha ukutane na kimea kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi. Chini ya hapo kazi inadorora. Ukipita 75 nguvu ya kimea inakufa, na uji unabaki uji. Wachaga wa Kilimanjaro hufuata mpangilio unaofanana na huo katika mbege, pombe yao ya ndizi: ndizi huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa zipoe, na kimea cha ulezi huja baadaye.

Basi joto hilo lipatikane vipi? Kuwasha moto chini ya sufuria yenye uji mzito ni njia mbaya, kwa sababu unga huganda chini na kuungua, na ndivyo ilivyo pia kwa koili ya umeme ikizamishwa humo. Afadhali kupasha maji peke yake. Katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Vibuyu viwili vya maji yaliyochemka na kimoja cha maji ya nyuzi 20 hutoa maji ya nyuzi 70, na unga wa kimea ukiingia joto linashuka mpaka karibu 65. Mtungi ukifungwa kwa blanketi na majani makavu ya mgomba, moto hauhitajiki tena.

Hesabu ya kuni ni fupi. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 70 kunataka kiasi cha uniti 1.2 za umeme. Kwenye mafiga matatu, ambako sehemu kubwa ya joto hupotea hewani, hizo ni kilo mbili za kuni au zaidi. Pipa jeusi lililoachwa juani mpaka maji yafike nyuzi 45 linapunguza kazi hiyo kwa nusu. Waragi, pombe inayokenekwa, ndiyo mlaji mkubwa: lita moja ya maji ikigeuzwa mvuke hula joto karibu mara saba ya lile la kuifikisha kwenye mchemko.

Kuni hizo zina mwenyewe, hata zikiokotwa bure. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukapiga Kilembe na mji wa Kasese. Mei 2020 ulirudi, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Kuwabebesha wapika pombe lawama hiyo ni uonevu, maana mvua ilikuwa kubwa mno. Hata hivyo, mteremko uliovuliwa miti haushiki udongo, na udongo ukiporomoka hauulizi nyumba ipi ni ya mlevi na ipi ni ya mcha Mungu.

Wakonzo, wenyeji wa miteremko hii, wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Katika imani yao ya asili, Nzururu, yaani theluji, ni baba wa Kitasamba na Nyabibuya, roho wanaoshika uhai wa watu. Tangu msafara wa Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, ulipopanda Rwenzori mwaka 1906, sehemu kubwa ya barafu yake imetoweka. Haikuyeyushwa na mafiga ya Mahango. Dunia imepata joto kwa moto wa viwanda na magari ya mbali, ya watu ambao hawakuomba ruhusa. Mkonzo ana haki kamili ya kulalamika. Lakini lalamiko hilo likiwa la haki, basi jirani wa bondeni naye analo lake dhidi ya moto unaowashwa juu yake, ujapokuwa mdogo.

Njia zipo. Mwaka 2012 wilaya ya Kasese, ikishirikiana na WWF, iliazimia kuwafikishia watu wote nishati jadidifu, na maji ya mlima huohuo yanazalisha umeme Bugoye tangu 2009. Umeme haujafika kila nyumba. Paneli ndogo ya wati 100 ingehitaji saa 12 za jua kali kupasha zile lita 20. Pipa jeusi, jiko banifu na blanketi, hata hivyo, havisubiri nguzo. Anayepika wiki hii na apime kuni zake kwa mizani kabla ya kuziwasha, kisha awaambie majirani wa chini ni kilo ngapi.