Pampu ya Mafuta Isihukumiwe Bila Kupimwa

Mwanangu, iweke chini hiyo spana. Tenki la Hilux hii halishushwi kabla hatujaongea. Nimechoka kuona mteja akitumwa dukani kununua pampu mpya, tenki likashushwa na kurudishwa, na gari lisiwake. Fedha ile ameitoa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba. Haimrudii.

Unasema umefungua ufunguo, hukusikia kitu, basi pampu imekufa. Sikiliza. Pikapu za Chevrolet za miaka ya 1990 huvumisha pampu kwa sekunde mbili ufunguo unapofunguliwa. Toyota nyingi za EFI za zama hizo hazifanyi hivyo. Relei ya pampu hushika unapopiga stata, kisha kompyuta huendelea kuishikilia maadamu inaona injini inazunguka. Kwa hiyo ukimya wa ufunguo peke yake haujakuambia lolote.

Fungua boneti. Kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Humo tafuta matundu ya +B na FP, uyaunganishe kwa kipande cha waya, ufungue ufunguo bila kupiga stata. Mwenzako asikilize kwenye mdomo wa tenki. Pampu ikivuma, iache. Ni nzima, na waya wake pia. Ugonjwa uko kwenye relei, au kompyuta haipati habari kwamba injini inazunguka. Isipovuma, angalia fyuzi ya EFI. Kama imeungua, weka nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusa bodi au pampu imekwama. Usithubutu kuzungushia kipande cha waya pale ili gari lifike nyumbani. Utaunguza nyaya zote.

Fyuzi ikiwa nzima, nenda kwenye soketi iliyo karibu na tenki, na hapa ndipo nakuomba utulie. Usiiamini multimita peke yake. Waya ulioliwa na kutu ukabakiwa na nyuzi mbili tatu bado utakuonyesha volti 12, kwa sababu mita haiubebeshi kazi yoyote. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21. Mguu mmoja uguse waya wa umeme wa pampu, mwingine uguse chuma safi cha chasisi, mwenzako akipiga stata au ule waya wa +B na FP ukiwa mahali pake. Ikiwaka vizuri, umeme unafika. Sasa ule mguu wa chasisi uhamishie kwenye waya wa ethi wa pampu yenyewe. Mwanga ukififia, ethi ndiyo mgonjwa. Ufuate waya huo mpaka bolti yake; magari yaliyokaa pwani utakuta shaba imeota ukoko wa kijani chini ya tope. Msasa na bolti safi vitamaliza kazi ambayo ungemtoza mtu pampu nzima.

Umeme na ethi vikiwa vizuri na pampu bado kimya, gonga tenki taratibu kwa nyundo ya mbao. Ikishtuka ikavuma, kaboni zake zimeisha. Hapo sasa shusha tenki, kwa amani. Toa kwanza waya hasi wa betri, na umwombe mama lishe asogeze jiko lake la mkaa mbali. Mvuke wa petroli hutambaa chini kwa chini, huuoni.

Jambo moja linaniumiza kuliko yote: kuvuta waya kutoka betri moja kwa moja mpaka pampu na kumwambia mteja amepona. Relei ile huachia injini inapozima. Gari likipinduka, bomba likapasuka, pampu uliyoiunga hivyo itaendelea kumwaga petroli juu ya watu waliobanwa ndani. Usinifanyie hivyo hata kwa mteja anayekusihi.

Ukibadili pampu, osha tenki na ubadili filta, maana uchafu ulioua ya kwanza bado umo. Na mwenye gari umweleze kwamba pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Asizoee kutembea na taa ya mafuta ikiwaka. Haya, muite mwenzako apige stata, na ile balbu ya indiketa iko kwenye droo.